Karo, basari na mkopo: maswali ya dirishani

Dirisha la karo la chuo chetu kidogo cha ufundi linatazama barabara itokayo gati la Mokowe, Lamu bara, kwa hiyo mzazi namwona kabla hajafika. Nikiona bahasha ya kaki kwapani na mwendo wa mtu aliyeshuka botini sasa hivi, huwa najua swali lipi linakuja. Nimeyaandika hapa maswali hayo kama yanavyoulizwa, pamoja na majibu ninayotoa, ili aliye Kiunga au Kizingitini asilipe nauli kwa ajili ya kuuliza tu.

Karo ni pesa ngapi?

Inategemea kozi na mwaka uliojiunga. Tarakimu ambayo wazazi wengi wanaikumbuka ni ya mpango wa vyuo vya ufundi vya umma ulioanza 2018: shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ilikuwa ikitoa 30,000 kwa kila mwanafunzi, na 26,420 zilizosalia zikawa za mzazi au za mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Tangu 2023 umekuja mpango mwingine, ambapo kila mwanafunzi hupangiwa kiasi chake kulingana na hali ya kwao. Nitaueleza mbele.

Omba karatasi ya mchanganuo wa karo yenye muhuri, uisome mpaka mstari wa mwisho. Wazazi wengi husoma jumla ya juu, wakakunja karatasi. Ada ya mtihani na ada ya mazoezi ya kazini hukaa chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Nimelipa karo yote. Mbona pesa bado zinatoka?

Kwa sababu karo si gharama ya masomo. Karo ni sehemu moja tu ya gharama, na kwa mtoto wa visiwani mara nyingi si hiyo sehemu kubwa. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi alielewe kabla hajatia sahihi chochote: usiulize karo ni ngapi, uliza mwaka huu mfukoni mwangu zitatoka ngapi, na zitatoka miezi ipi.

Tupige hesabu. Ni mfano tu, weka tarakimu zako mwenyewe. Kijana anatoka Faza, anasomea umeme. Natumia karo ya mpango wa zamani kwa kuwa ni nyepesi kuifuata. Karo ni 56,420; toa 30,000 za serikali, inabaki 26,420. Kapata basari ya wadi ya 8,000, inabaki 18,420. Hapo mzazi hushusha pumzi, akaondoka.

Sasa kijana anahitaji pa kulala. Tuseme chumba ni 2,500 kwa mwezi, miezi tisa: 22,500. Anahitaji kula. Akijibana kwa 150 kwa siku, siku 270: 40,500. Boti ya kwenda na kurudi kila muhula, tuseme 3,000 kwa mwaka. Ovaroli, buti na koleo zake, 4,500. Ada ya mtihani, tuseme 6,000. Jumla ya hayo ni 76,500. Ongeza zile 18,420 za karo, unapata 94,920. Karatasi inasema 56,420, mfuko unasema 94,920, tena baada ya serikali na wadi kutia mkono. Gawanya kwa miezi tisa: ni zaidi kidogo ya 10,500 kila mwezi.

Wazazi wawili wanaweza kulipa karo ileile na gharama zikatofautiana kama mbingu na ardhi. Binti wa mji wa Hindi, huku bara, anayelala kwao na kula kwao, chumba hakimhusu, na chakula chake kinatoka kwenye chungu kilekile cha nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuomba basari ya 5,000 iliyo mbali, uliza kwanza kama kuna shangazi au mjomba huku bara mwenye chumba cha uani. Chumba hicho kwa mwaka ni zaidi ya basari nne.

Nani hulipa nini katika mpango huu mpya?

Kuna mikono mitatu. Wa kwanza ni ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi. Wa pili ni mkopo wa HELB, ambao hurudishwa. Wa tatu ni mchango wa nyumbani, yaani wewe. Mwanafunzi hujaza maombi mtandaoni, anaulizwa kuhusu kazi na mapato ya wazazi, idadi ya watoto, shule alizosoma, mahali anapotoka, kama ni yatima, kama ana ulemavu. Kutokana na majibu hayo anawekwa kwenye kundi, na kundi ndilo linaloamua kila mkono utatoa nini.

Mpango huu umefika mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango wa ufadhili wa vyuo vikuu unakiuka katiba, kisha shauri likapanda Mahakama ya Rufaa, na utekelezaji ukaendelea. Nalitaja kwa sababu wapo waliosikia redioni kwamba umefutwa, wakaacha kuomba. Msiache kuomba kwa ajili ya habari ya redio.

Mimi ni mvuvi. Mapato yangu niandike ngapi?

Andika wastani wa mwaka mzima.

Hili ni kosa ambalo naliona kila Januari. Fomu inajazwa wakati wa kaskazi, bahari imetulia, kamba na samaki wanapatikana, na baba anaulizwa na mwanawe, "Baba, kwa mwezi unapata ngapi?" Baba, mbele ya mwanawe, hataki kuonekana mnyonge, anataja mwezi wake mzuri kuliko yote. Kijana anaandika hivyo hivyo. Fomu haijui kusi ni nini. Inachukua mwezi huo mzuri na kuuzidisha kwa kumi na mbili, na nyumba ya mvuvi wa Siyu inaonekana kama nyumba ya mwalimu mkuu.

Kaeni chini na daftari. Mwezi gani unatoka baharini kila siku, mwezi gani unatengeneza nyavu tu na mashua iko juu? Toa mafuta, toa barafu, toa fungu la mabaharia. Kinachobaki ndicho mapato yako. Huku si kudanganya, ni kusema ukweli wa miezi yote kumi na miwili.

Binti yangu amewekwa kundi la wenye uwezo, na sisi hatuna kitu. Nifanye nini?

Anakata rufaa kupitia ukurasa uleule alioombea, akieleza kilichoandikwa vibaya au kilichobadilika, na kuambatisha ushahidi. Barua ya chifu peke yake ina uzito mdogo. Barua ya chifu pamoja na cheti cha kifo cha baba, au karatasi za hospitali, au barua ya kuachishwa kazi, hiyo husomwa.

Anaweza kujiunga nanyi moja kwa moja bila kupitia KUCCPS?

Kujiunga anaweza, lakini mfuko utalia. Ufadhili na mkopo wa serikali huwafuata waliopangiwa nafasi na KUCCPS, shirika la serikali la kupanga nafasi, katika chuo cha umma. Aliyeingia kwa mlango wa pembeni hulipa mwenyewe kila kitu. Hata aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, zamani anaweza kuomba kozi ya ufundi kupitia KUCCPS; tumewahi kupokea baba na mwanawe mwaka mmoja, baba ufundi wa mabomba, mwana kompyuta. Tuna milango mitatu ya kuingilia: Januari, Mei na Septemba. Bora kusubiri muhula mmoja ukaingia kwa mlango sahihi.

Nije na stakabadhi gani?

Kitambulisho cha mwanafunzi, vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE, barua ya kupangiwa chuo, picha ndogo, namba ya akaunti ya benki, vitambulisho vya wadhamini, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Laini ya mama haitakubalika hata kama ndiyo anayotumia kila siku. Yatima aje na cheti cha kifo.

Lakini orodha hiyo si kitu. Kitu ni majina. Msichana mmoja alikuja mwaka juzi na karatasi nne: cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaisha, kitambulisho Mwanaesha, matokeo ya mtihani Mwana Esha, na akaunti ya benki Aisha. Kwetu sote ni mtu mmoja, mwenyewe amesimama pale na buibui lake, anacheka. Kwa mtambo wa kompyuta ni watu wanne na hakuna hata mmoja wao anayestahili mkopo. Alizunguka miezi miwili kati ya ofisi ya usajili, benki na kwa wakili wa kiapo, na dirisha la maombi likafungwa akiwa njiani. Athman na Athumani ni vivyo hivyo, na akina Mohamed wenye m moja na wenye m mbili. Zipangeni karatasi mezani leo, herufi kwa herufi, kabla ya kumlipa kijana wa saiba akujazieni fomu.

Na ambaye hana kitambulisho aanze safari hiyo mapema kuliko zote. Wenzetu wa Basuba na Kiunga hawahitaji kuelezwa na mimi ugumu wake.

Basari ya wadi na ya mbunge zinaombwaje, na zinaingia lini?

Ni mifuko miwili, msiichanganye. Basari ya kaunti hupitia wadi zetu kumi. Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, ndiyo hiyo ya mbunge; hupitia maeneobunge mawili, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi. Fomu zake ni tofauti, kamati ni tofauti, na mtoto anaruhusiwa kujaribu zote mbili. Pesa haziji mkononi mwa mzazi. Huja chuoni kwa hundi yenye orodha ya majina.

Zinaingia lini? Zinapoingia. Nasema hivi bila mzaha. Nimeona hundi ya muhula wa kwanza ikifika muhula wa tatu, na mwenye jina ameshakwenda kwao. Kwa hiyo mara tu jina lako linapotoka kwenye orodha, leta nakala ya barua hapa dirishani. Pesa hazijafika, ndiyo, lakini nikiwa na ile barua naweza kumwombea kijana afanye mtihani. Bila barua sina cha kumwonyesha mkuu wa chuo ila maneno.

Na usijenge nyumba juu ya mfuko mmoja. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya NG-CDF ya 2015 haiafiki katiba, ikaupa mfuko huo muda hadi 30 Juni 2026. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti naye akatoa waraka uliogusa basari za kaunti, na hilo nalo likafika mahakamani. Mawakili watamalizana. Wewe panga mwaka wako kana kwamba basari ni mvua ya vuli: ikinyesha vizuri, isiponyesha kisima kiwepo.

Mkopo wa HELB si riba?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na wanaoliuliza zaidi ni akina mama. Mimi si mufti wala sitajifanya. Niliyo nayo ni tarakimu: HELB, iliyoundwa kwa sheria ya 1995, hutoza asilimia 4 kwa mwaka juu ya mkopo. Ukiiita riba hujakosea, maana hata wao wenyewe wanaiita hivyo. Nimesikia maalim wakisema haijuzu kabisa, na nimesikia wengine wakizungumzia dharura. Nenda kwa maalim unayemwamini, lakini nenda na maelezo kamili, usiende na neno "mkopo" peke yake.

Naomba tu jambo moja. Ufadhili na mkopo ni vitu viwili. Ufadhili haurudishwi na hauna riba ndani yake. Kuna mama wa Lamu mjini, mtu mcha Mungu, alimkataza mwanawe kugusa ule ukurasa wote wa maombi kwa kuwa "ni mambo ya riba". Mtoto akatii. Tulipogundua ilikuwa muhula wa pili, na ile sehemu ya sadaka, kama alivyoiita mwenyewe baadaye, ilikuwa imempita. Aliketi kwenye benchi hapo nje muda mrefu. Alikuwa amekimbia shilingi za riba na akaacha nyuma shilingi nyingi zaidi za halali.

Kwa hiyo ukikataa mkopo, kataa mkopo peke yake. Kisha niambie siku ya kwanza, tukupangie malipo ya awamu. Usiniambie siku ya mtihani. Na msisahau zaka. Aya ya 60 ya Surat Tawba inataja makundi manane ya wanaostahili, na ndani yake wamo mafukara, maskini na wenye madeni. Kamati ya msikiti au jamaa mwenye uwezo anaweza kulipa karo iliyosalia moja kwa moja chuoni, na risiti tunaiandika kwa jina la mwanafunzi bila kumtaja aliyetoa. Limefanyika mara nyingi, kimya kimya, hasa mwezi wa Ramadhani.

Mkopo unaanza kulipwa lini, na ni kiasi gani kwa mwezi?

Unaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukipata ajira, mwajiri anatakiwa kisheria kuwaarifu HELB na kukata kwenye mshahara. Ukijiajiri, unalipa mwenyewe kwa simu au benki.

Kuhusu kiasi, tuchukue deni la 80,000. Kwa asilimia 4 kwa mwaka, mwaka wa kwanza riba yake ni 3,200. Ukilipa kwa miaka minne ni kama 1,800 na kidogo kwa mwezi, na mpaka unamaliza umelipa riba ya takriban 6,700 juu ya mkopo wenyewe. Kwa fundi umeme mwenye kazi mbili tatu kwa wiki, huo si mzigo wa kuvunja mgongo.

Kinachovunja mgongo ni faini. Asiyelipa wakati umefika hutozwa 5,000 kwa kila mwezi. Hebu isome tena pamoja na hesabu ya juu: mwezi mmoja wa kunyamaza ni ghali kuliko riba ya mwaka mzima. Vijana hawaangushwi na mkopo, huangushwa na kubadilisha laini ya simu. Anamaliza chuo, hana kazi, anaona aibu, anatupa laini, anasema nitawatafuta nikipata. Anakuja kupata kazi bandarini baada ya miaka mitatu, anaombwa cheti cha kutodaiwa na HELB, ndipo anakuta deni lina ndevu. Huna kazi? Waandikie useme huna kazi, na uweke nakala ya barua hiyo.

Mwajiri anakata HELB kwenye mshahara wangu. Nina haja ya kufuatilia?

Unayo, tena sana. Hili nimelipia mwenyewe. Mwajiri wangu wa kwanza, kampuni ndogo ambayo siitaji, alinikata miezi minane. Kwenye hati ya mshahara mstari ulikuwepo, umeandikwa vizuri kabisa. Siku moja nikaomba taarifa ya mkopo wangu, nikakuta miezi minane hakuna hata shilingi iliyofika, na faini imeanza kuota. Kilichoniokoa ni kwamba mke wangu hatupi karatasi. Zile hati nane zilikuwa ndani ya mfuko wa rambo nyuma ya kabati, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Nilizipeleka, deni likamrudia aliyekata. Tangu hapo kila baada ya miezi mitatu huomba taarifa, na hati ya mshahara siitupi.

Naweza kukopa kwenye simu nilipe karo, kisha nirudishe basari ikifika?

Unaweza. Usifanye.

M-Shwari ilipoanza 2012 ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku thelathini. Wengi husikia 7.5 na 4 wakaona zinakaribiana. Ile 4 ya HELB ni ya mwaka, hii ya simu ni ya mwezi. Chukua 10,000. Kwa HELB mwaka mzima inazaa 400. Kwa simu, ukiwa unakopa upya kila mwezi ili kufunika ule wa mwezi uliopita, unalipa 750 mara kumi na mbili, yaani 9,000, na ile 10,000 bado unadaiwa. Na hiyo ni ile iliyo wazi na inayojulikana. Programu nyingine za mikopo zisizojulikana ziko wapi, na wenyewe ni akina nani, wakati mwingine hujui mpaka wanapoanza kumpigia simu mama mkwe wako.

Ni kukopa harusi kulipa matanga. Ukiona huna njia ila simu, njoo kwanza dirishani tuzungumze. Mimi kukusubiri mwezi mmoja sikutozi kitu.

Mnakubali malipo ya awamu?

Ndiyo, na hapa nina neno na wenye vyuo kwa jumla. Kalenda ya mihula haikutungwa na mtu wa pwani. Muhula wa Januari unaangukia kaskazi, wakati mvuvi ana pesa na mahoteli ya Shella yana wageni. Muhula wa Mei unaangukia kusi, bahari inachafuka, boti ndogo hazitoki, mahoteli mengine yanafunga ili kupaka rangi. Kisha tunamtumia mzazi ujumbe Mei hiyo hiyo kwamba asipolipa mtoto arudi nyumbani. Tunamdai mtu miezi ambayo bahari imemfungia mlango.

Kwa hiyo mimi huwashauri wazazi wavuvi walipe mzigo mkubwa kati ya Januari na Machi, hata ikizidi karo ya muhula huo. Inayobaki tunaihamishia mbele. Kuanzia Mei mpaka Agosti toa kidogo kidogo, hata mia tano, ili jina liwe hai kwenye kitabu. Septemba tunafungua hesabu upya. Haimo katika kanuni yoyote iliyoandikwa, lakini mkuu wa chuo anaijua na hajawahi kuikataa.

Lipa kwenye akaunti ya chuo tu, upewe risiti. Usimpe mtu pesa mkononi, hata akiwa mimi.

Nikibaki na deni la karo, cheti changu mtakizuia?

Cheti cha KNEC si mali ya chuo kushikilia kwa deni; sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 imelikataza hilo. Deni linabaki kuwa deni, na chuo kina haki ya kulidai, lakini kwa njia nyingine.

Mtoto akiacha chuo katikati?

Mkopo uliokwisha kutolewa unadaiwa vilevile. Aandike barua rasmi ya kuacha au kuahirisha masomo. Asipotee tu, maana kwenye vitabu ataendelea kuwa mwanafunzi, na karo ya mihula asiyosoma itaendelea kumwandama.

Mwanangu ana alama nzuri, anasema kuna vyuo vidogo Marekani vinavyosomesha bure. Ni kweli au ni matapeli?

Vyote viwili vipo. Huko nako mchezo ni uleule wa karo na gharama halisi, ila tarakimu zimefura. Bei inayotangazwa huweza kumfanya mtu wa Matondoni aizime simu, lakini wengi hawalipi bei hiyo. Sheria yao inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi, tangu 2011. Kikokotoo hicho hutengenezwa kwa ajili ya familia za huko, kwa hiyo kwa mtoto wetu kinaonyesha njia tu, hakimpi jibu.

Misaada ya serikali ya Marekani, ile fomu yao ya FAFSA na ruzuku ya Pell, si ya mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo. Atakayemsaidia ni chuo chenyewe, kutoka mfuko wake. Vipo vyuo vidogo vichache, Amherst na Bowdoin ni miongoni mwao, vinavyompokea hata mgeni bila kuangalia uwezo wa kwao, kisha vikajaza pengo lote. Kupata nafasi humo ni kama kupenya tundu la sindano. Berea, chuo kidogo cha Kentucky kilichoanzishwa 1855, hakitozi karo ya masomo kabisa; badala yake kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, saa zisizopungua kumi kwa wiki. Kwa kijana aliyezoea kubeba mchanga kwa punda, saa kumi si kitu.

Tapeli unamjua hivi: anataka pesa kwanza, kwa simu, leo, "kabla nafasi haijafungwa". Chuo cha kweli kinaweza kuwa na ada ya maombi, na mara nyingi mwenye dhiki huruhusiwa kuomba asamehewe. Na hata chuo kikisema kinalipa kila kitu, uliza: kila kitu ni nini? Tiketi ya ndege imo? Bima ya afya? Koti la baridi? Likizo ya miezi mitatu, mabweni yakifungwa, atalala wapi? Ni swali lilelile la kijana wa Faza na chumba cha Mokowe.

Ofisi inafunguliwa saa ngapi?

Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ijumaa nafunga saa sita kwenda msikitini, narudi saa nane. Wanaotoka visiwani huhudumiwa kwanza, maana boti hazisubiri foleni na maji yakitoka huko kwenu hakuna pa kushukia. Ukifika ukakuta mstari, inua bahasha juu useme umetoka wapi.